Inveta ya Kilowati 5 Nyumbani Mbeya: Mashine Nzuri, Mipangilio ya Kiwandani Haitufai

Inveta ninayoiandikia tathmini hii, yaani mashine inayogeuza umeme wa paneli za sola na betri kuwa umeme wa matumizi ya nyumbani, ni ya aina ya mseto (jua, betri na umeme wa TANESCO kwa pamoja), yenye uwezo wa kilowati 5 na inayotumia betri za volti 48, ile ambayo maduka ya vifaa vya sola huiuza kwa majina mbalimbali ingawa ndani yake, na hata katika namba za menyu yake, mashine ni karibu ile ile. Yangu nilinunua Mwanjelwa na imefungwa katika nyumba ya kawaida huku Uyole, pamoja na betri nne za jeli za volti 12 na ampea-saa 200 kila moja. Inahudumia taa, friji, televisheni, kompyuta, pampu ndogo ya maji na, watoto wanapojisahau, birika la umeme. Kama kifaa, sina malalamiko makubwa nayo. Umeme wa TANESCO unapokatika huhamia kwenye betri haraka kiasi kwamba kompyuta haizimi, na feni zake, ingawa zina kelele, hupunguza mwendo mzigo unapokuwa mdogo. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni mipangilio yake ya kuchaji betri na kutoa chaji, kwa sababu hapo ndipo fedha ya mwenye nyumba inapookolewa au kupotea, na hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapokuwa na haraka ya kuondoka.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, mwenye nyumba anapaswa kuamua kama betri zake ni za kutumika kila usiku au ni akiba ya siku umeme unapokatika. Uamuzi huo ni wa hesabu, wala si wa ufundi. Betri zangu nne zikiungwa kwa mfuatano zina uniti (kilowati-saa) 9.6, lakini betri ya jeli ikitaka kudumu haifai kutolewa zaidi ya nusu, kwa hiyo ninachoweza kukitumia kwa usalama ni uniti 4.8 kwa usiku mmoja. Tuseme betri hizo zitastahimili mizunguko 1,000 ya kutolewa nusu na kujazwa tena. Maana yake ni uniti 4,800 katika maisha yake yote. Kama mtu amezinunua zote kwa shilingi milioni 2.4, kila uniti inayopita ndani ya betri imemgharimu shilingi 500, hata kama jua lililoijaza lilikuwa la bure. Sasa linganisha na LUKU. Mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika takriban 356. Mteja wa matumizi madogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100, ambazo kwa hesabu hiyo hiyo hufika takriban 122. Kuzimaliza betri za jeli kila usiku ili kukwepa uniti ya shilingi 122 ni kununua kwa ghali kile kinachouzwa kwa bei rahisi mlangoni kwako.

Kwa sababu hiyo nilikataa mpangilio ambao fundi aliuacha katika namba 01 ya menyu, ulioandikwa SBU, ambao hutanguliza jua, kisha betri, na kuita umeme wa TANESCO mwishoni kabisa. Mafundi wanaupenda mpangilio huu kwa kuwa mteja huona mita ya LUKU imesimama na kufurahi. Mimi ninatumia SUB, ambamo jua hutangulia, TANESCO hujazia pengo, na betri hubaki zimejaa zikisubiri. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzalisha mwaka 2024, mgao wa ratiba tuliouzoea umepungua sana, na kukatika kwa umeme kunakotupata sasa hutokana zaidi na mvua, radi na miti inayoangukia nyaya. Kukatika kwa namna hiyo hakupigi hodi. Betri iliyotumika usiku kucha kwa ajili ya televisheni haitakuwa na kitu alfajiri, wakati friji inaihitaji.

Aliye mahali pasipofika umeme, au pale unapokatika kila jioni, hana la kuchagua. SBU ndiyo yake, na yafuatayo yanamhusu zaidi kuliko yanavyonihusu mimi.

Menyu hufunguliwa kwa kushikilia kitufe cha ENTER kwa sekunde tatu, kisha mtu huhama kutoka namba hadi namba kwa vitufe vya mishale. Namba ya kwanza inayohusu afya ya betri ni 05, inayouliza aina ya betri. Kiwandani imewekwa AGn, yaani betri za AGM, na ikibaki hivyo, namba 26, 27 na 29 zinazopanga volti za betri hazikubali kubadilishwa. Ni lazima uchague USE, yaani mtumiaji apange mwenyewe, ndipo zifunguke. Nilipomwomba fundi afanye hivyo, alikuwa ameanza kukusanya bisibisi zake.

"Mwalimu, hizi namba tuziache kama zilivyotoka kiwandani," aliniambia. "Waliotengeneza mashine wanajua kuliko sisi."

"Ni kweli fundi, lakini hao hawajaziona betri zangu," nilimjibu, na tukasoma pamoja lebo iliyo ubavuni mwa betri.

Lebo hiyo ndiyo mwongozo halisi, na nashangaa ni mara chache kiasi gani husomwa. Yangu inaeleza kuwa mkondo wa kuchaji usizidi ampea 40, yaani sehemu ya tano ya uwezo wa betri, ilhali mashine katika namba 02 ilikuwa imepangwa kuruhusu hadi ampea 60. Betri za jeli hazivumilii kuchajiwa kwa pupa. Gesi hujikusanya ndani ya jeli na kuacha mianya ambayo haizibiki tena, na uwezo uliopotea haurudi. Nimeweka ampea 30. Paneli zangu hufikisha kiwango hicho saa za mchana bila shida, na betri zisizotolewa sana hazihitaji zaidi ya hapo. Mwenye betri za ampea-saa 100 aliyeacha namba hii ilivyo anaruhusu zichajiwe kwa kasi mara tatu ya kikomo hicho cha sehemu ya tano.

Sasa tuje kwenye volti za kuchaji, suala ambalo hali ya hewa yetu hulifanya liwe tofauti na lilivyo Dar es Salaam. Namba 26 ni volti ya kujazia betri, na kiwandani ni 56.4, yaani volti 14.1 kwa kila betri. Namba 27 ni volti ya kushikilia betri iliyokwisha kujaa, nayo ni 54.0. Viwango hivi vyote viwili ni sahihi kwa betri yenye joto la nyuzi 25. Lakini betri zangu zimekaa kwenye stoo ya upande wa kusini wa nyumba, isiyopata jua, na katika miezi ya Juni na Julai, wakati usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, kipimajoto nilichokiweka juu ya betri husoma 14 au 15 hata saa nne asubuhi. Betri ya risasi na asidi, ambayo jeli ni aina yake mojawapo, hukataa chaji inapopoa. Ili ijae sawasawa huhitaji volti zaidi, takriban sehemu tatu za elfu moja za volti (0.003) kwa kila seli kwa kila nyuzi moja inayopungua chini ya 25. Betri zangu zina seli 24 kwa jumla. Nyuzi zikipungua kwa 10, hesabu inatoa volti 0.72 za kuongeza, na volti 56.4 zinapaswa kuwa 57.1.

Mtu anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo, ila matokeo yake hujikusanya. Betri inayoishia kujaa asilimia 90 kila siku kwa miezi mitatu ya baridi huanza kujenga salfeti ngumu kwenye sahani zake, na ifikapo Septemba mwenye nyumba huanza kulalamika kwamba ameuziwa betri feki. Baadhi ya betri zinazotupwa huku nyanda za juu kwa kuitwa feki zimekufa kwa njaa ya volti. Mashine nyingine huja na waya wa kupima joto la betri na kufanya marekebisho haya zenyewe. Hii yangu haina, na kwangu hiyo ndiyo kasoro yake kubwa kuliko zote. Nilichofanya ni kupandisha namba 26 hadi 57.0 mwanzoni mwa Juni, ambazo ni volti 14.25 kwa kila betri na bado ziko ndani ya mipaka ya lebo, na kuirudisha 56.4 joto la Oktoba linapoanza. Namba 27 naipandisha hadi 54.6 na kuirudisha vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika mbili.

Namba 30, inayowasha uchaji maalumu wa volti za juu wa kusawazisha seli, iachwe imezimwa kwa mwenye betri za jeli na kwa mwenye lithiamu. Uchaji huo hufikisha volti 58.4 na umekusudiwa betri za maji, zile zinazofunguliwa vifuniko na kuongezwa maji yaliyotoneshwa. Katika nyumba moja Iyunga nilikoombwa kutazama mfumo uliokuwa ukisumbua, niliikuta imewashwa na betri za jeli zimevimba ubavuni.

Upande wa kutoa chaji unaongozwa na namba tatu. Namba 29 ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa ndiyo volti ambayo mashine ikifika hujizima ili kuokoa betri, na kiwandani imewekwa 42.0. Gawanya kwa nne: ni volti 10.5 kwa kila betri, kiwango ambacho kwa betri ya jeli ni ukavu kabisa. Mashine iliyopangwa hivyo hailindi chochote, hupiga tu kengele mwishoni. Nimeipandisha hadi 46.0. Namba 12 ni volti ambayo mashine ikiwa katika SBU huiacha betri na kurudi TANESCO, nayo kiwandani ni 46.0, mwenye jeli aiweke 48.0 au 49.0. Namba 13 ni volti ambayo betri ikifika huruhusiwa kuanza kutumika tena. Hapa kiwanda kimeweka 54.0, na wengi huona inatosha, lakini betri iliyo katikati ya kuchajiwa husoma 54.0 muda mrefu kabla haijajaa. Matokeo yake ni kwamba saa tatu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limepasua ukungu, mashine huamini betri iko tayari, huihamishia mzigo, volti hushuka, hurudi TANESCO, na mchezo huendelea hadi mchana. Namba hiyo ina chaguo la FUL, linalosubiri betri ijae kweli, na ndilo ninalolipendekeza kwa anayetumia SBU.

Kupanga volti za kuishia kunahitaji kuelewa kwamba volti ya betri yenye mzigo si sawa na volti ya betri iliyopumzika. Jioni moja umeme ulipokatika nilisimama mbele ya kioo cha mashine kikisoma 50.1, taa na friji zikiwa zinafanya kazi. Binti yangu alipowasha birika la wati 1,800, mkondo kutoka kwenye betri ulifika karibu ampea 45 na namba ikaporomoka papo hapo hadi 47.7. Maji yalipochemka na birika kujizima, namba ilianza kupanda taratibu, na baada ya dakika chache ilisimama 49.8. Betri ilikuwa haijapoteza hata sehemu ya ishirini ya chaji yake. Aliyepanga namba 12 kuwa 48.0 na kisha akachemsha chai asishangae mashine ikikimbilia TANESCO, na aliyepanga namba 29 kuwa 48.0 kwa kuogopa sana atabaki gizani na betri zilizojaa zaidi ya nusu. Ndiyo maana niliacha pengo la volti mbili na zaidi kati ya namba hizo mbili, na ndiyo maana pia birika na pasi vimepigwa marufuku umeme unapokatika.

Kwa sababu hiyo hiyo siiamini picha ya betri yenye vijistari vinne iliyo kwenye kioo, wala asilimia zinazoonyeshwa kwenye programu ya simu. Mashine hukisia kiasi cha chaji kutokana na volti tu, na kukisia huko ni sawa na kusoma geji ya mafuta gari likiwa linapanda Kitonga. Anayetaka kujua ukweli afunge kifaa kidogo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, au apime volti betri ikiwa imepumzika bila mzigo wala chaji kwa saa kadhaa, 48.8 ni takriban nusu.

Chanzo cha kuchajia hupangwa katika namba 16. OSO ni jua pekee, na SNU ni jua pamoja na TANESCO. Kuanzia Mei hadi Oktoba ninatumia OSO, kwa kuwa anga letu huwa safi na jua la nyanda za juu ni kali hata kukiwa na baridi. Masika ni habari nyingine. Kati ya Desemba na Machi zipo siku za mawingu mfululizo, na ndugu zetu wa Tukuyu wanaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote, ambapo paneli huishia kutoa nishati ya kuendesha friji tu. Betri ya jeli kukaa siku kadhaa bila kujaa ni madhara yale yale niliyoyaeleza kuhusu baridi, kwa hiyo miezi hiyo naweka SNU. Lakini mwenye nyumba anapaswa kushusha namba 11, ambayo ni kikomo cha ampea zinazotoka TANESCO kwenda kwenye betri. Kiwandani ni 30, na ampea 30 kwa volti 54 ni zaidi ya wati 1,600, sawa na kuacha pasi imewashwa saa nzima. Kwa mteja wa uniti 75, saa chache za uchaji wa namna hiyo kila usiku zinaweza kumvusha kikomo chake, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Ampea 10 zinatosha kuishikilia betri.

Kwa wanaonunua lithiamu, ambayo bei yake imeanza kushikika, hesabu ya mwanzo inabadilika. Betri ya uniti 5 inayotolewa asilimia 80 kwa mizunguko 4,000 hupitisha uniti 16,000; hata kwa shilingi milioni 3.2, kila uniti imegharimu shilingi 200, na SBU huanza kuwa na maana kwa anayelipa 356. Jambo la kuuliza dukani kabla ya lolote ni idadi ya seli. Zipo betri za seli 16 na zipo za seli 15, zote zikiitwa za volti 48. Seli ya lithiamu ya aina inayotumika katika betri hizi (LiFePO4) haipaswi kuzidi volti 3.65. Zile volti 56.4 za kiwandani zinaikaa vizuri betri ya seli 16, kwa kuwa ni 3.53 kwa seli, lakini katika seli 15 ni 3.76, bodi inayoilinda betri hukata ghafla, na mara nyingine nyumba nzima huzima nayo. Mwenye seli 15 asivuke volti 53 na kidogo. Ikiwa betri na mashine vinaelewana kwa kebo ya mawasiliano, sehemu kubwa ya kazi hii hujiendesha yenyewe, na asilimia zinazoonyeshwa huwa za kuaminika, ila fundi ahakikishe mpangilio wa nyaya ndani ya kebo unafanana na wa betri, kwa sababu plagi kuingia kwenye tundu hakuthibitishi lolote.

Kasoro nyingine za mashine ni ndogo. Yenyewe hula karibu wati 50 hata nyumba ikiwa imelala, na kwa saa 24 hizo ni uniti 1.2, ambazo kwa mwenye betri ndogo ni robo ya akiba yake. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu na maandishi madogo. Duka lililoniuzia lilinipa huduma nzuri ya kufunga, nyaya za unene unaostahili na fyuzi ya betri bila kuombwa, jambo ambalo si la kawaida, lakini halikuniachia karatasi yoyote inayoonyesha namba zilizowekwa. Niliiandika mwenyewe na kuibandika ndani ya mlango wa stoo, ikiwa na safu ya kiangazi, safu ya baridi na safu ya masika, ili hata nisipokuwepo mtu aweze kuzirudisha mashine ikipotewa na mipangilio.

Kwa bei niliyolipa ningeinunua tena kwa ajili ya Mbeya mjini, Iringa au Mafinga. Kwa aliye Makete au Njombe, ambako Julai huleta sakitu, ningemshauri aongeze fedha apate mashine yenye waya wa kupima joto kama anatumia jeli. Na kama anatumia lithiamu, betri aiweke ndani ya nyumba mbali na kibanda cha nje, kwa kuwa lithiamu haipaswi kuchajiwa joto lake likiwa chini ya nyuzi sifuri, na si kila bodi ya betri inayouzwa sokoni ina kinga ya kuzuia hilo. Aulize, na jibu liandikwe kwenye risiti.